Mfalme Aliuza Usalama: Biashara katika Falme za Uingereza ya Kale

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa historia na wafanyabiashara wa mji wetu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wazee, akina mama, walimu wenzangu, wafanyabiashara mliofunga maduka mapema ili mfike, nanyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie biashara katika falme zilizoinuka Ulaya baada ya utawala wa Roma kuvunjika upande wa magharibi. Ulaya ni pana na jioni ni fupi, kwa hiyo nimechagua kisiwa kimoja, Britania, na muda wa karne tatu hivi, tangu mwaka 600 hadi kukaribia 900. Siku hizo Uingereza kama nchi moja ilikuwa haijazaliwa. Palikuwa na falme kadhaa: Kent upande wa kusini mashariki, Wessex kusini, East Anglia mashariki, Mercia katikati, Northumbria kaskazini. Zilipigana, zikaoana, zikadaiana, zikapigana tena.

Walimu wenzangu, tumezoea kuwapa wanafunzi picha moja tu ya zama hizo: msitu, tope, upanga, na mtawa aliyeinamia kitabu. Picha hiyo inamsahau mchuuzi. Inamsahau mwenye chombo. Inamsahau mpima chumvi. Inamsahau mama aliyefuma joho la sufu lililovuka bahari hadi likalalamikiwa na mfalme wa nchi ya pili. Huyo nitamfikia, msiwe na haraka.

Jambo langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka likae. Mfalme wa enzi zile hakutajirika kwa kuuza mali. Aliuza usalama. Usalama wa bandari. Usalama wa barabara. Usalama wa mizani. Usalama wa neno lililotamkwa mbele ya mashahidi. Mnunuzi wa usalama huo alikuwa mfanyabiashara, na bei yake iliitwa ushuru.

Tuanze na chakula, maana fedha ilikuja nyuma yake.

Mfalme Ine wa Wessex alitawala tangu mwaka 688 hadi 726, na sheria zake zimetufikia. Moja inataja kodi ya chakula iliyopaswa kutoka katika eneo la kaya 10. Sikilizeni orodha yake: mapipa 10 ya asali. Mikate 300. Vipimo 12 vya pombe ya Kiwelisi, na 30 vya pombe nyepesi. Ng'ombe 2 wakubwa au kondoo 10. Mabata bukini 10. Kuku 20. Jibini 10. Siagi, kipimo kizima. Samaki aina ya samoni 5. Ratili 20 za chakula cha mifugo. Na mikunga 100.

Nani ameisikia fedha humo? Hakuna hata sarafu moja. Sasa mikate 300 utaiweka wapi? Samaki utamtunza mpaka lini? Ndiyo maana wafalme hao hawakukaa mahali pamoja. Mfalme aliondoka na mke wake, watoto, askari, makasisi na watumishi, wakaenda shamba la kwanza, wakala kilichokusanywa pale, kilipokwisha wakahamia shamba la pili. Alikuwa tajiri, lakini utajiri wake aliufuata ulipo ndipo aule.

Na askari wa mfalme hatosheki na mkunga. Anataka upanga uliopambwa. Anataka bangili ya dhahabu. Anataka divai, na kisiwa kile hakikuwa na divai ya kutosha. Mfalme asiyegawa vitu vizuri hakimbiliwi na mashujaa, na mfalme asiyekimbiliwa na mashujaa hamalizi mwaka. Kwa hiyo alihitaji vitu vyepesi kubeba, vizito kwa thamani, na vitu hivyo vilitoka mbali.

Mbali kiasi gani? Mwaka 1939, mahali paitwapo Sutton Hoo, mkoa wa Suffolk, wachimbuaji walifukua kaburi la mtu mkubwa, kwa uwezekano mkubwa mfalme wa East Anglia, aliyezikwa ndani ya merikebu ya urefu wa mita 27 hivi mwanzoni mwa miaka ya 600. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na sarafu 37 za dhahabu, zote kutoka nchi ya Wafranki ng'ambo ya mlango wa bahari, na kila moja ilipigwa chapa katika mji wake. Miji 37 kwenye mkoba mmoja! Kulikuwa na vyombo vya fedha kutoka Bizanti, dola ya Roma ya mashariki. Kulikuwa na vito vyekundu kwenye mapambo, vingine asili yake ni Bara Hindi na Sri Lanka.

Na kuna kitu kinachotugusa sisi wenyewe. Katika makaburi ya wanawake wa miaka ya 400 na 500 zimepatikana pete kubwa za pembe za ndovu. Hazikuvaliwa kidoleni. Zilishikilia mdomo wa mkoba uliofungwa kiunoni. Zile zilizofukuliwa Scremby, mkoa wa Lincolnshire, zimepimwa maabara, zikaonekana ni za ndovu wa Afrika, na kemia yake inaelekeza kwenye nchi ya miamba ya volkeno, ambayo wachunguzi wanailinganisha na Bonde la Ufa, huku kwetu Afrika Mashariki. Wakati huo biashara ya pembe kwenye Bahari ya Shamu ilishikwa na ufalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, na bandari yake ya Adulis. Basi fikirini safari hiyo: kutoka kwa mwindaji wa upande wetu wa dunia, kupitia mikono ambayo hakuna aliyeihesabu, hadi kiunoni mwa mama wa kijijini Lincolnshire. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyejua mwanzo na mwisho wake. Kila mmoja alimjua tu aliyempa na aliyempokea. Nami nasema mwanafunzi wetu akiambiwa hilo, hataiona tena historia ya Ulaya kama habari ya watu wengine.

Hata mtawa alikuwa na bidhaa za mbali. Bede, msomi mkubwa wa Northumbria, alipokuwa anakufa mwaka 735 katika monasteri ya Jarrow, aliomba kisanduku chake kiletwe, akawagawia makasisi wenzake vilivyokuwamo. Ni nini? Pilipili manga, vitambaa, na ubani. Pilipili ya India, kaskazini kabisa mwa Uingereza, mwaka 735. Mtu maskini kwa kiapo, na bado sokoni alikuwamo.

Sasa sarafu. Kuelekea mwaka 680 dhahabu ilikuwa imepungua, sarafu zake zimechanganywa fedha mpaka zimepauka, na mahali pake pakachukuliwa na visarafu vidogo vinene vya fedha, vya uzito wa gramu moja hivi. Dhahabu ilikuwa ya mfalme na askofu. Fedha ilishuka chini zaidi. Siku hizi wenye mashine za kutambua vyuma wanaviokota visarafu hivyo mashambani kote mashariki na kusini mwa Uingereza, mahali ambapo hapakuwa na kasri wala kanisa kubwa. Mkulima alikuwa ameuza kitu pale. Alikuwa amenunua kitu pale. Alidondosha sarafu na hakuiona tena.

Nazo zilipita zaidi mikononi mwa Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi ya leo, mabaharia na wachuuzi, ambao mji wao mkubwa wa biashara ulikuwa Dorestad kwenye matawi ya mto Rhine. Upande wa Britania bandari zilichipuka kwenye kingo za mito. London mpya haikujengwa ndani ya kuta za Kirumi. Ilikaa nje, upande wa magharibi, pale Covent Garden na Strand zilipo leo. Ipswich ilichoma vyungu katika tanuri na kuvipeleka East Anglia nzima. Hamwic, ndani ya Southampton ya leo, iliwekwa kwenye mto Itchen karibu na mwaka 700, ikaenea hekta zaidi ya 40, mitaa imemwagwa kokoto, nyumba zimepangwa, ndani yake wahunzi, wachonga mifupa, wafumaji na wapiga chapa wa sarafu.

Wachimbuaji walipochambua mifupa ya mizoga ya Hamwic waligundua jambo ambalo mimi nalipenda sana. Watu wa mji ule walikula ng'ombe wazee, ng'ombe baada ya ng'ombe, aina ileile siku zote. Mtu anayekwenda sokoni na pesa yake huchagua: leo kuku, kesho mwanakondoo. Hawa hawakuchagua. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wanasema mji ulilishwa kutoka juu, kwa ile kodi ya chakula niliyowasomea. Ile mikate na wale ng'ombe wamepata mahali pa kwenda! Mfalme amegeuza chakula kilichokuwa kinaoza kuwa posho ya mji wa mafundi na wageni, na mji ule unamrudishia kitu kisichooza.

Lakini kwa nini mgeni aje? Hapa ndipo palipo na kiini cha maneno yangu, naomba mnivumilie.

Mgeni hana ukoo. Katika falme hizo mtu aliuawa au kudhulumiwa, ukoo wake ukadai damu au fidia. Mfrisia aliyeshuka chomboni London hana shangazi, hana binamu, hana mtu wa kumdai. Nani atamlinda? Na mwenyeji naye, akinunua farasi kwa mgeni huyo, kesho jirani akaja akasema farasi ni wangu niliibiwa, atafanya nini? Muuzaji ameshatweka tanga, amekwenda.

Wafalme wawili wa Kent, Hlothhere na Eadric, waliitungia sheria hali hiyo kati ya miaka ya 670 na 680. Walisema: mtu wa Kent akinunua mali London, awe na watu wawili au watatu waaminifu kama mashahidi, au liwali wa mfalme aliyeko bandarini. Baadaye mali ikidaiwa, na amtaje muuzaji katika ukumbi wa mfalme uliomo mjini humo. Akishindwa kumpata, na aape madhabahuni pamoja na shahidi wake mmoja, au pamoja na yule liwali, kwamba alinunua hadharani kwa mali yake inayojulikana. Akiapa hivyo, harudishi mali bure: anarudishiwa bei aliyolipa. Akishindwa hata kiapo, mali inakwenda.

Wafanyabiashara, mmeielewa sheria hiyo? Najua mmeielewa kuliko mimi. Ni risiti. Ni risiti ya enzi ambayo wengi hawakujua kuandika. Shahidi ndiye karatasi, madhabahu ndiyo muhuri, na liwali wa mfalme ndiye jalada.

Sheria hizohizo zinasema tena: ukimkaribisha nyumbani kwako mchuuzi au mtu mwingine aliyevuka mpaka, ukamlisha kwa siku tatu, kisha akamdhuru mtu, wewe mwenyeji utawajibika kwa ajili yake. Siku tatu! Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule Kent siku ya tatu ilimpa mgeni ukoo. Alikuwa hana mtu wa kumsimamia, sasa anaye.

Na barabarani? Mfalme Wihtred wa Kent mwaka 695, na Ine wa Wessex jirani yake, waliandika sheria inayokaribia kufanana neno kwa neno: mgeni akipita nje ya barabara, bila kupiga kelele wala kupuliza pembe, achukuliwe kuwa mwizi, auawe au akombolewe. Ni sheria kali. Lakini isomeni kwa upande wa pili: mgeni aliyekaa barabarani, anayejulisha watu kwamba anapita, ana haki ya kupita. Ine akaongeza: mchuuzi akinunua vitu kwa watu wa bara, anunue mbele ya mashahidi. Akikutwa na kitu cha wizi na hana mashahidi, aape kwamba hakuwa mwizi wala mshirika wa mwizi, la sivyo alipe shilingi 36. Biashara ya gizani ilikuwa na harufu ya wizi, na biashara ya hadharani ilikuwa na ngao ya mfalme.

Sasa nawapa kisa. Ni Bede anayekisimulia, naye alimaliza kitabu chake mwaka 731.

Mwaka 679 Mercia na Northumbria zilipigana kando ya mto Trent. Kijana mmoja wa Northumbria, jina lake Imma, mtu wa tabaka la juu, alibaki kati ya maiti, akazimia usiku kucha, akaamka, akajifunga majeraha. Akakamatwa na watu wa bwana mmoja wa Mercia. Imma akaogopa kusema ukweli. Akasema: mimi ni maskini, mtu mwenye mke, nilikuja na wenzangu kuwaletea askari chakula. Wakamtibu. Alipopata nguvu wakamfunga minyororo usiku, na minyororo ikawa inafunguka. Bede anasema ni kwa sababu ndugu yake, kasisi Tunna, alidhani amekufa na alikuwa akimsomea misa. Wakamtazama uso wake, mwendo wake, usemi wake, wakajua huyu si mkulima. Yule bwana akamwambia: unastahili kufa, maana ndugu zangu na jamaa zangu wote waliuawa katika vita ile, lakini sitavunja ahadi yangu ya kutokudhuru ukisema ukweli. Akamngoja apone kabisa. Kisha akampeleka London, akamuuza kwa Mfrisia.

Ndugu zangu, nataka tusimame hapo. Tumetaja divai, vito, vyungu na ubani, vitu vinavyopendeza kuvitaja. Katika bandari ileile, kwa sheria zilezile, mbele ya mashahidi walewale, mtu aliuzwa. Sisi wa mwambao huu hatuhitaji kufundishwa maana yake. Mateka wa vita walikuwa bidhaa kubwa ya falme hizo, tena bidhaa iliyojipeleka sokoni kwa miguu yake. Mwalimu atakayefundisha utajiri wa London ya kale bila kumtaja Imma na wenzake ambao minyororo yao haikufunguka, atakuwa amefundisha nusu, tena nusu iliyo rahisi.

Kisa kinaendelea. Yule Mfrisia naye akashindwa kumfunga. Akampa ruhusa ajikomboe. Imma akaapa kwamba atarudi au atatuma fedha, akaenda Kent kwa mfalme, kwa kuwa aliwahi kumtumikia malkia Æthelthryth, aliyekuwa mama mdogo wa mfalme huyo. Mfalme akatoa kikomboleo, Imma akakituma kwa bwana wake kama alivyoahidi. Na mfalme huyo alikuwa nani? Alikuwa Hlothhere. Yuleyule aliyetunga sheria ya mashahidi wa London. Mfanyabiashara wa watu alilipwa fedha yake kamili na mfalme mtunga sheria, kwa sababu kiapo ni kiapo. Usalama aliouza mfalme ulimlinda mnunuzi. Aliyenunuliwa alilindwa tu pale alipokuwa na jamaa ikulu.

Ushuru nitaupitia kwa haraka. Æthelbald, mfalme wa Mercia tangu 716 hadi 757, aliishika London, na hati zake kadhaa zinasamehe ushuru wa vyombo vya makanisa na monasteri. Mmoja wa waliosamehewa ni Mildrith, mama mkuu wa monasteri ya Minster kwenye kisiwa cha Thanet: chombo chake kimoja kipite London bila kutozwa. Naam, watawa wa kike walikuwa na merikebu ya biashara. Na anayesamehe ushuru wa chombo kimoja anatuambia kwamba vyombo vingine vyote vililipa. Huko bara, Droitwich, palipokuwa na chemchemi za maji ya chumvi, mfalme alitoza shilingi kwa kila gari la kukokotwa na peni, sarafu ya fedha, kwa kila mzigo wa mnyama. Hata mwishoni mwa miaka ya 800 watawala wa Mercia walipomgawia askofu wa Worcester mapato ya soko la mji wake, walisema wazi kwamba tozo hizo mbili za Droitwich zinabaki kwa mfalme, kama zilivyokuwa siku zote. Ardhi wangeweza kutoa. Chumvi hawakutoa.

Twende kwa mfalme mkubwa kuliko hao. Offa wa Mercia alitawala tangu 757 hadi 796, wakati mmoja na Charlemagne wa Wafranki. Offa alipiga peni pana, nyembamba, nzuri za fedha, na peni 240 zilihesabiwa ratili moja. Msidhani peni ilikuwa chenji ya mfukoni. Mwaka 794, katika mkutano wa Frankfurt, Charlemagne aliweka bei ya mkate: sarafu yake moja ya fedha, ndugu wa peni ya Offa, inunue mikate 12 ya ngano, kila mmoja ratili 2. Peni moja ililisha nyumba siku kadhaa.

Wafalme hawa wawili waligombana kwa ajili ya ndoa. Charlemagne alimposea mwanawe binti wa Offa. Offa akajibu: sawa, ikiwa nawe utampa mwanangu binti yako Bertha. Charlemagne akaona amevunjiwa heshima, akaamuru mtu yeyote kutoka Britania asitie nanga pwani ya Gaul, yaani nchi ya Wafranki, kwa ajili ya biashara. Mwaka 790 msomi Alcuin aliandika kwamba pande zote mbili zimewakataza wafanyabiashara kusafiri. Posa ya watoto wa wafalme, na mtu mwenye shehena ya sufu anakaa gatini anatazama bahari! Wafanyabiashara, niambieni: limekwisha hilo duniani? Aliyesaidia kupatanisha ni Gervold, mkuu wa monasteri ya Saint-Wandrille, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkusanyaji ushuru wa mfalme, hasa katika Quentovic, bandari ya Wafranki. Mtu wa forodha alijua vizuri gharama ya mlango uliofungwa.

Mwaka 796 Charlemagne akamwandikia Offa barua, na barua tunayo. Kuhusu mahujaji waendao Roma, anasema wapite kwa amani. Lakini tumegundua, anasema, kwamba wengine wanajichanganya na mahujaji kwa hila, wanatafuta faida wala hawaitumikii dini. Hao wakikutwa walipe ushuru mahali panapostahili. Kuhusu wafanyabiashara wa kweli, wawe na ulinzi wetu kwa desturi ya zamani, na wakionewa popote, waje mbele yetu au mbele ya waamuzi wetu, na sisi tutahakikisha wanapata haki. Na watu wetu wafanyiwe hivyohivyo kwako.

Mmesikia? Mfalme kwa mfalme, wanauziana usalama. Mchuuzi wa Mercia anaweza kumshitaki ofisa wa Charlemagne mbele ya Charlemagne.

Kisha anaingia kwenye bidhaa zenyewe. Offa alikuwa ameomba mawe meusi, akataja na urefu wake. Charlemagne anamjibu: mtume mjumbe aonyeshe aina gani, tutatoa popote yatakapopatikana, na tutasaidia usafiri. Ila, kama wewe ulivyotuambia urefu wa mawe, watu wetu nao wana ombi kuhusu ukubwa wa majoho: amuru yawe kama yale yaliyokuwa yakitujia zamani. Huyo ndiye yule mama niliyewaahidi. Mfumaji wa Mercia, jina lake halijulikani, amepunguza urefu wa joho, na malalamiko yamepanda ngazi hadi kwa mtawala mkubwa wa Ulaya Magharibi, naye ameyatia kwenye barua ya kidola pamoja na habari za amani na sala. Yupo nani anayesema uchumi wao ulikuwa wa porini?

Na Offa ana kitu kingine. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna sarafu yake ya dhahabu. Imenakiliwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur wa Baghdad ya mwaka 157 wa Hijra, yaani 773 au 774. Maandishi ya Kiarabu yamo, pamoja na tamko la kumpwekesha Mwenyezi Mungu asiye na mshirika, yamechorwa na fundi asiyeyasoma, na katikati yameingizwa maneno mawili ya Kilatini: Offa Rex, Mfalme Offa. Ukiyasimamisha ya Kiarabu wima, ya Kilatini yako miguu juu. Mfalme Mkristo alifanya hivyo kwa nini? Kwa sababu dinari ya Baghdad iliaminiwa kandokando ya Mediterania yote. Aliyeipokea hakuuliza maswali. Offa, aliyekuwa akiwauzia wengine usalama ndani ya nchi yake, alipotaka dhahabu yake ikubalike mbali alikwenda kuazima usalama wa jina kubwa kuliko lake.

Nafika mwisho wa safari yetu.

Zama za Mfalme Beorhtric wa Wessex, na kumbukumbu za kale zinaiweka habari hii chini ya mwaka 789, vyombo vitatu vya watu wa kaskazini vilitia nanga Portland. Liwali wa mfalme aliyekuwa Dorchester, Beaduheard, alidhani ni wafanyabiashara. Akapanda farasi, akaenda kuwaamuru waje mji wa mfalme kama wageni wote walivyopaswa kufanya. Alikuwa anafanya kazi yake. Walimuua papo hapo pamoja na watu wake. Walikuwa Waviking, maharamia wa kaskazini.

Mwaka 842 walishambulia London na Quentovic. Hamwic ikadhoofika. Zile bandari zilikuwa hazina ukuta, maana ukuta wake ulikuwa neno la mfalme, na sasa amekuja mtu asiyelijali neno hilo. Fedha ikachanganywa shaba. Wanunuzi wa usalama wakapungua, kwa kuwa muuzaji hakuwa nao tena.

Mfalme Alfred wa Wessex alipopata nafasi ya kupumua, mwaka 886 aliirudisha London, safari hii ndani ya kuta za Kirumi. Akaitunga upya ile kazi ya zamani: katika sheria zake mchuuzi anayekwenda bara sharti kwanza awalete watu wake mbele ya liwali wa mfalme kwenye baraza la watu, aseme ni wangapi. Na mwaka 889 alimpa Wærferth, askofu wa Worcester, kiwanja ndani ya mji huo, pamoja na haki ya kuwa na pishi na mizani yake mwenyewe. Hati inapanga mambo kwa uangalifu mkubwa. Ndani ya ua wa askofu, watu wake wanunue na wauze, na faida ya kipimo iwe yake. Lakini yeyote kati yao atakayetoka nje kufanya biashara yake barabarani, au ukingoni mwa mto pale vyombo vinaposhusha, ushuru ni wa mfalme.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.